Wati 10,000, Sauti ya Debe

Leo naweka kando habari za programu na seva. Nina ugomvi na namba, na ugomvi wenyewe umenikaa rohoni muda mrefu.

Namba ninayogombana nayo ni ile inayochapishwa kwa tarakimu kubwa kwenye katoni za woofa. Unaijua. 8,000W. 10,000W PMPO. Pita maduka ya elektroniki hapa Kagio, nenda Kerugoya, panda Karatina mpaka Nyeri mjini, utaikuta. Katoni zimepangwa mlangoni hadi juu, na ushindani kati ya duka na duka ni nani mwenye namba kubwa kuliko jirani. Muuzaji akikuona umesimama anapandisha sauti mpaka vioo vinatetemeka, halafu anakuangalia kana kwamba amemaliza kesi.

Kesi haijaisha. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane wakati. Anayetaka sauti ya asili nyumbani kwake, yaani sauti inayomfanya aamini kwamba mwimbaji amekaa pale kwenye kochi la pili, hahitaji wati elfu kumi. Namba ile ni uongo. Uongo huo unatula pesa. Na mbaya zaidi, umeyafundisha masikio yetu tabia mbaya kiasi kwamba sasa hatujui hata muziki wetu wenyewe unasikika vipi.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Kirinyaga si rahisi kudanganywa. Njoo na gunia lililoandikwa pishori ya Mwea uone. Mama wa sokoni hasomi gunia. Anatia mkono ndani, anachota punje, anazitia joto kwenye kiganja, ananusa. Harufu ikikosekana anaenda zake, hata kama gunia limechapishwa kwa dhahabu. Anajua kuna watu wanaochanganya pishori na mchele wa bei ya chini na kushona gunia upya. Sasa mama huyo huyo, au mwanawe, akiingia duka la redio anasoma katoni na kuamini. Pua tunaiamini, sikio tunalinyima kazi. Kwa nini?

Haya, tufanye hesabu. Kazi yangu ni hesabu.

PMPO ni herufi nne zinazodai kupima kilele cha nguvu ya muziki. Kilele hicho kinapimwa vipi? Kwa muda gani? Sauti ikiwa imepasuka kiasi gani? Hakuna kanuni ya pamoja inayojibu maswali hayo. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe, na mtu akiniambia kwamba vingine havipimi kabisa bali vinachagua tu namba inayopendeza, sitabishana naye. Kipimo cha maana ni wati za mfululizo, zile ambazo mafundi huziita RMS: nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa bila kukoma na bila kuipasua sauti.

Ukitaka kujua ukweli, geuza woofa yako. Nyuma, karibu na mahali waya wa stima unapoingia, kuna kibandiko kidogo. Kimeandikwa volti 220 hadi 240, 50Hz, halafu wati. Wati hizo ni za makumi: 40, 60, labda 80. Hicho ndicho kiasi ambacho chombo kinavuta ukutani. Na hakuna mashine duniani inayotoa nguvu kuliko ile inayoingia, isipokuwa zile za matapeli. Sehemu ya hiyo nguvu inapotea kama joto, inayobaki ndiyo inaenda kwenye spika. Mbele elfu kumi, nyuma sitini. Kasha ni lile lile!

Huamini? Angalia soketi yako. Stima yetu ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha: 240 mara 13 ni 3,120. Hapo ndipo soketi moja inapofikia mwisho. Woofa yenye wati 10,000 za kweli ingetaka karibu ampea 42. Fyuzi ingekatika kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Ni sawa na kuchemsha birika tano za stima za wati 2,000 kwa wakati mmoja, sebuleni, kwenye plagi moja.

Au nenda kwenye tokeni, maana hapo kila mtu anaelewa. Wati 10,000 kwa saa moja ni yuniti 10. Weka muziki wa Jamhuri Dei kwa saa nane: yuniti 80. Kama woofa ingekuwa inavyojisifu, tungekuwa tunaizima kabla ya pasi.

Najua kuna fundi anayesoma hapa na kusema, "Lakini kapasita huhifadhi nguvu na kuitoa kwa mpigo mmoja." Kweli, fundi wangu. Mpigo mmoja, wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nani ananunua redio ili asikilize sehemu ndogo sana ya sekunde?

Tena hizo wati zenyewe hatuzihitaji. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, itatoa karibu desibeli 86. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Kwa hiyo wati moja tayari inazidi kelele ya watu wanaoongea mezani. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 30 hadi 60, unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Ndiyo maana mbio za wati ni mbio za kijinga: namba inakimbia, sikio linatembea.

Sasa tuulize swali lenyewe. Sauti ya asili ni nini?

Si sauti tamu. Si sauti kubwa. Ni sauti inayofanana na ile iliyotoka mdomoni au kwenye chombo siku ya kurekodi. Na kipimo chake si mashine nyingine. Kipimo ni kitu hai ambacho sikio lako linakijua tangu utotoni. Sisi tunavyo. Mwomboko unapigwa kwa kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Aliyewahi kusimama karibu na karing'aring'a anajua: mlio wake ni mkali, mwembamba, unakata hewa halafu unaning'inia. Cheza rekodi ya mwomboko kwenye woofa yako. Je, chuma kinasikika kama chuma? Au kinasikika kama mtu anatikisa mfuko wa shilingi? Hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye katoni.

Jaribio la kulinganisha kitu hai na mashine ni la zamani. Mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilianza maonyesho Marekani ambapo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya santuri. Aliimba pamoja nayo, taa zikazimwa, watu wakaambiwa wabahatishe ni lini binadamu amenyamaza na mashine imebaki peke yake. Wengi walishindwa. Lakini mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiirekebisha sauti yake ilingane na ya mashine.

Isome tena sentensi hiyo. Mashine haikufika kwa binadamu, binadamu alishuka kwa mashine. Na nasema ndicho kilichotupata sisi, tofauti ni kwamba hatukurekebisha koo, tumerekebisha masikio. Kijana aliyekulia kwenye matatu na woofa akisikia besi ya kweli, isiyovimba, anasema redio imeharibika.

Waingereza waliifanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi. Mwaka 1954 Gilbert Briggs, mwanzilishi wa Wharfedale, alichukua Royal Festival Hall ya London, ukumbi wa watu karibu 3,000, akawaweka wanamuziki hai na rekodi zao mbele ya umati ule ule. Aliyeshirikiana naye ni Peter Walker, mwenye amplifaya za Quad. Amplifaya yake ya miaka hiyo, Quad II, ilikuwa na wati 15. Sijakosea tarakimu. Kumi na tano. Nao wahandisi wa BBC walipobuni spika zao za studio walilinganisha sauti ya mtu anayezungumza na sauti yake ikitoka kwenye spika. Spika yao ndogo ya LS3/5A ya miaka ya 1970 ina ukubwa wa katoni ya viatu, haitikisi dirisha, na hadi leo kuna watu wanaoitafuta kwa sababu mtu akiongea ndani yake anasikika kama mtu.

Sauti ya mtu ndiyo mzani. Na hapa ndipo ninapokasirika kweli.

Muziki wa huku kwetu ni muziki wa maneno. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, hakuwa mtu wa kuimba la la la. Alionya, alisuta, alisimulia, na J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 aliimba kuhusu hilo pia. Ukikosa nusu ya neno la Kamaru umekosa methali nzima. Mugithi wa mtu mmoja na gitaa lake ni vivyo hivyo: watu wanacheka na kuitikia kwa sababu wameshika neno. Sasa mchukue Kamaru, umtie kwenye kasha la wati elfu kumi. Besi inavimba, nayo sauti nzito kwa maumbile yake hufunika sauti zilizo juu yake. Hivyo ndivyo sikio la binadamu lilivyoundwa. Neno linazama. Kinachobaki ni bum, bum, bum, na mzee anayeongea kutoka ndani ya pipa. Mtoto aliyekulia na sauti hiyo atasema muziki wa zamani haueleweki. Atakuwa amesema kweli kuhusu alichosikia. Hajawahi kumsikia Kamaru.

Na besi yenyewe haitendewi haki. Tusidanganyane kwamba nachukia besi. Benga bila besi si benga. Lakini besi ya benga inatembea. Gitaa la besi lina nyuzi nne, na zikipigwa wazi hutoa karibu 41Hz, 55Hz, 73Hz na 98Hz. Mpigaji anazipanda na kuzishuka kama ngazi, anajibizana na gitaa la solo. Makasha mengi ya bei rahisi yametobolewa tundu ili hewa ya ndani ivume kwa mlio mmoja, kama unavyopuliza mdomo wa chupa. Noti inayokaribia mlio huo inavimba, nyingine zinafifia. Ngazi nzima inageuka kuwa kidato kimoja. Mpigaji alijasho studioni River Road kwa noti ishirini, wewe unasikia moja. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, na hawakuwa wameona woofa.

Sasa kuna kitu ambacho hakuna muuzaji atakayekuambia, kwa sababu hakiuzi katoni: chumba. Wengi wetu tunaishi kwenye ploti za mawe, chumba cha futi kumi kwa kumi. Kwa masikio ya fizikia hicho ni chumba kibaya sana. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Futi kumi ni mita 3.05. Wimbi la besi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili hujirudia na kujijenga. Gawa 343 kwa mara mbili ya 3.05, unapata karibu 56Hz. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kosa linatokea mara mbili mahali pale pale. Sasa rudi kwenye nyuzi za besi: wa pili ni 55Hz. Kila mpigaji akiugusa uzi huo, chumba chako kinapiga kelele pamoja naye. Akienda uzi wa tatu, chumba kinanyamaza. Mimi nilipima changu kwa maikrofoni na programu ya bure ya Room EQ Wizard, na mlima ulijitokeza kwenye mchoro pale pale hesabu ilipotabiri. Ukuta wa mawe hausamehe.

Cha kuchekesha ni kwamba nyumba ya mbao ya bibi, ile tunayoiona ya kizamani, ina besi safi kuliko ghorofa mpya. Mbao ni nyepesi, zinatikisika na kuiachia besi itoke nje. Jiwe na zege vinairudisha yote ndani. Bibi amekaa kwenye studio na hajui!

Halafu kuna chanzo cha muziki wenyewe. CD inabeba vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kila kimoja cha biti 16. Piga hesabu ya pande mbili: karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 imebakisha chini ya moja ya kumi. Waliotengeneza MP3 hawakuwa wajinga. Walisoma sikio la binadamu na kutupa kile ambacho sikio halitakikosa sana. Karlheinz Brandenburg na wenzake Ujerumani waliijaribu tena na tena kwa wimbo wa Suzanne Vega ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu sauti ya mtu ndiyo inayoonyesha kasoro haraka. Unaona? Hata wao mzani wao ulikuwa mtu.

Shida si MP3. Shida ni nakala ya nakala. Wimbo umetolewa kwenye video, ukabanwa kuwa MP3, mtu akautia kwenye miksi akaubana tena, ukawekwa kwenye video nyingine, ukatumwa kwa simu ukabanwa tena, ukafika kwenye flashi ya shilingi mia tano. Kila mara kitu kimetupwa, na kilichotupwa hakirudi. Kwa sisi watunzi wa programu hili ni jambo la kawaida: huwezi kurudisha data uliyoifuta kwa kubadilisha jina la faili. Ukigeuza MP3 mbovu kuwa FLAC umepata faili kubwa la sauti mbovu.

Na vyanzo vizuri vipo. Mjukuu wa Kamaru, mwanasanaa wa sauti anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake mtandaoni. Tunalipia bando la kutazama vichekesho, tunashindwaje kulipia albamu moja safi ya mtu aliyeimba historia yetu?

Msidhani nimewasamehe wa upande wa pili. Kuna kambi nyingine, ya wenye pesa, na uongo wao umevaa tai. Hao watakuambia sauti ya asili inahitaji waya wa spika wa bei ya pikipiki, au faili za vipimo 192,000 kwa sekunde. Binadamu mwenye masikio ya ujana husikia hadi karibu 20,000Hz, na hesabu ya kina Nyquist na Shannon inasema vipimo 44,100 vinatosha kubeba hayo yote. Waya mnene wa kawaida wa shaba kutoka duka la vifaa vya ujenzi unafikisha umeme vizuri kwenye chumba cha nyumbani. Floyd Toole na Sean Olive mwaka 1994 walichapisha utafiti wakilinganisha watu wanaosikiliza spika wakiziona na wakiwa hawazioni. Macho yakiziba, hukumu zilibadilika. Sura, bei na jina la spika vilikuwa vimeingia sikioni. Na katika majaribio ya kufumba macho ya Toole ya miaka mingi, spika ambazo watu walizipenda zilikuwa zile zisizopendelea: hazivimbishi besi, hazichomi juu, zinatoa zilichopewa.

Kwa hiyo mwenye katoni ya elfu kumi na mwenye waya wa dhahabu ni ndugu. Wote wanauza kitu cha kuangalia.

Pingamizi nazijua. Ya kwanza: "Watu wanapenda besi, waache." Sawa, mtu na pesa zake. Lakini kupenda kunataka kuchagua, na kuchagua kunataka uwe umesikia vyote viwili. Anayejua chai ya majani ya maji tu, utasemaje ameichagua? Ya pili: "Muziki wa leo unatengenezwa kwenye kompyuta, asili yake iko wapi?" Iko kwenye koo. Hata wimbo wa kompyuta tupu una mtu anayeimba juu yake, na sauti ya binadamu tunaijua kuliko tunavyojua kitu kingine chochote. Ya tatu ndiyo inayouma: "Wewe una kazi ya kompyuta, mkulima wa nyanya atapata wapi spika ya kweli?" Ndugu yangu, mkulima wa nyanya ndiye ninayemtetea. Yeye ndiye anayelipia herufi nne za bure. Spika mbili za mtumba zenye kasha la mbao na amplifaya ya wati 20 za kweli, zilizokaguliwa na fundi wa redio wa mtaani, zinaweza kumsikilizisha zaidi kuliko katoni mpya yenye taa za rangi.

Basi nadai nini? Nadai mambo mawili.

La kwanza ni kwa serikali. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tuna KEBS, iliyoundwa kwa Sheria ya Viwango ya 1974. Mwaka huo huo wa 1974, Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliweka kanuni ya namna ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, kwa sababu hata huko wauzaji walikuwa wakizipandisha namba kama bei ya sukari. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilifanyiwa marekebisho ili namba ziweze kulinganishwa. Sisi pia tunaweza. PMPO iondolewe kwenye katoni kabisa. Iandikwe namba moja, wati za mfululizo, mbele, kwa tarakimu kubwa kama zile za uongo. Kama mfuko wa unga unaandikwa kilo na mzani unakaguliwa, woofa ina utukufu gani?

La pili ni kwako, na halihitaji kungoja Nairobi wala kununua kitu.

Toa woofa kwenye kona. Kona ndiko besi inakovimba kuliko mahali pengine popote chumbani. Iweke mahali unapokaa wewe, cheza benga, halafu zunguka chumba ukisikiliza. Pale ambapo besi inatembea noti kwa noti, hapo ndipo woofa ihamie. Usikae ukiwa umeegemea ukuta, wala katikati kabisa ya chumba. Theluthi ya urefu ni mahali pazuri pa kujaribu. Spika ndogo zishushe kutoka juu ya kabati, ziwe usawa wa masikio, ziachane kama zinavyoachana na wewe. Punguza kitufe cha besi mpaka uone kama umeiua, kisha rudisha kidogo. Pazia nzito, kochi, godoro lililosimamishwa ukutani vitapunguza mwangwi wa juu, ingawa besi havitaigusa sana. Kama unacheza kupitia kompyuta, Equalizer APO ya Windows au EasyEffects ya Linux ni za bure: shusha kidogo pale chumba chako kinapovimba. Kwa futi kumi kwa kumi, anzia 56Hz.

Halafu fanya jaribio la BBC. Mwombe mama, au yeyote ambaye sauti yake unaijua gizani, aongee dakika moja nje ya nyumba, mbali na kuta. Mrekodi. Rekodi ya simu si kamili, lakini inatosha. Icheze kwenye sistimu yako naye akiwa amesimama kando, kwa ukubwa wa sauti yake ya kawaida. Ukimsikia mama, una redio. Ukimsikia mama aliye ndani ya tangi la maji, una katoni.

Muuzaji akikuambia ni elfu kumi, mwombe aigeuze msome nyuma pamoja. Kisha mwambie aweke wimbo wenye maneno unayoyajua, kwa sauti ya chini. Ndiyo, ya chini. Spika mbaya hujificha kwenye kelele.

Wiki ijayo nitaweka hatua kwa hatua jinsi ya kupima chumba kwa Room EQ Wizard, na michoro yake. Kwa sasa nendeni mkasogeze woofa.